Jaketi la ngozi linang'aa kupita kiasi, nilifubazeje lionekane limevaliwa miaka?

#1 Mwana_Uyole
Wakuu habari. Nina jaketi jeusi la ngozi, la mtumba, nililichagua mwenyewe Karume belo likifunguliwa. Ngozi nzito, zipu ya chuma, bitana haijachanika popote. Tatizo linang'aa mno. Nikisimama juani kijiweni linarudisha mwanga kama bodi ya gari jipya. Ninachotaka ni ule mwonekano wa jaketi la dereva wa lori wa zamani: viwiko vimepauka, kola imefubaa, mikunjo inajisema yenyewe. Baridi ya Juni huku Mbeya inakuja na nataka kuanza kulivaa. Fundi viatu mmoja ananiambia nipige msasa, mwenzake meza ya pili ananiambia nifute kwa thina, na kila mmoja anamcheka mwenziwe. Wajuzi wa ngozi, yupi yuko sahihi?

#2 KinoBoy
Livae tu mkuu. Livae mvuani, livae juani, lilalie kwenye basi la Mbeya–Dar. Litafubaa lenyewe bila gharama.

#3 Mwana_Uyole
Nimekusoma mkuu, ila nauliza la mwezi huu.

#4 Mama_Kihesa
Kabla ya msasa wala thina, hakikisha kwanza ni ngozi. Majaketi mengi yanayong'aa hivyo ni rekzini, yaani plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Fumua mshono kidogo wa bitana ndani ya mfuko, uangalie mgongo wake. Ukiona kitambaa kilichofumwa, acha kabisa, hilo halifubazwi. Litamenyuka magamba kuanzia kolani na hakuna dawa. Ukiona nyuzinyuzi zimesongamana bila mpangilio, zina manyoya laini ukipitisha kidole, hiyo ni ngozi. Iko na ya tatu inayochanganya watu: vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi. Muuzaji anaapa ni ngozi, na ngozi kweli imo ndani, ila nayo itamenyuka tu.

Na tafadhali msipime kwa kiberiti. Watu wanatoboa jaketi zima kwa kutafuta harufu ya nywele zinazoungua wakati jibu liko upande wa nyuma.

#5 Mwana_Uyole
Dada asante. Nimefumua mfukoni. Ni nyuzinyuzi, hakuna kitambaa. Rangi ya ndani ni kijivu hivi, si nyeusi.

#6 Fundi_Kariokor
Sasa wakuu. Niko Nairobi, soko la Kariokor, kazi yangu ni mikoba na sandali na kurekebisha majaketi ya Gikomba. Mng'ao si wa ngozi yenyewe. Ngozi ikishapakwa rangi kiwandani hupuliziwa koti la juu lisilo na rangi, la kuzuia maji na uchafu. Hilo koti linaweza kuwa laka, akriliki au poliyurethani. Ndilo linalong'aa, na ndilo la kuondoa au kukwaruza.

Weka tone la maji begani. Likikaa juu limeviringika, koti lipo. Likizama na kuacha doa jeusi, koti halipo na mng'ao wako umetoka kwingine.

Kama lipo, chukua asetoni, ile ya kutoa rangi ya kucha, lakini isiyo na mafuta ndani. Lowesha pamba kidogo, ikamue, pitisha mara moja sehemu iliyofichika, chini ya kwapa au nyuma ya kola. Pamba ikinata na mng'ao ukaondoka, hilo ni laka, kazi yako rahisi. Ukipitisha na hakuna kinachobadilika, hiyo ni poliyurethani iliyoshikana. Asetoni haitaiweza, hapo ndipo msasa unaingia. Kwa hiyo mafundi wako wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja na jaketi lake.

Fanya nje penye hewa, mbali na jiko. Asetoni inashika moto haraka kuliko mafuta ya taa.

#7 Chuga_Rider
Umenena mkuu. Naongezea: asetoni si thina. Thina ya rangi ya gari ni mchanganyiko wa vimiminika kadhaa na kila duka lina yake. Hiyo haichagui, inaondoa koti la juu na rangi nyeusi pamoja, unabaki na mabaka.

#8 Mzee_wa_Belo
Nimeuza mitumba muda mrefu, niseme ninachokijua. Nusu ya mng'ao mnaouona Karume, Manzese na hata Memorial kule Moshi haukutoka kiwandani. Umetoka kwa sisi wauzaji. Koti likitoka kwenye belo limekunjamana, limepauka, lina ukungu mweupe. Linafutwa, linapakwa kiwi nyeusi au mafuta ya mgando, linapigwa brashi, linatundikwa mbele. Mteja anaona jipya.

Kwa hiyo mleta mada, kabla hujachoma pesa kwenye asetoni, lioshe. Sabuni na maji ya uvuguvugu, kitambaa, basi. Unaweza kukuta jaketi unalolitafuta liko chini ya kiwi.

#9 Fundi_Kariokor
Mzee nakuheshimu, lakini kiwi ingeacha weusi mkononi. Mwana Uyole, sugua kwapa kwa kitambaa cheupe kikavu utuambie.

#10 Mwana_Uyole
Nimesugua. Kitambaa kimetoka na weusi kidogo sana, si wa kutisha.

#11 Mzee_wa_Belo
Si nilisema?

#12 Fundi_Kariokor
"Kidogo sana" ni rangi ya kawaida ya ngozi nyeusi, Mzee. Kiwi ingechafua kitambaa chote.

#13 Ngozi_Mwanza
Wakuu habari. Nilisoma teknolojia ya ngozi hapa chuo cha DIT, kampasi ya Mwanza, kwa hiyo naomba nisahihishe mawili matatu.

Moja, Mzee wa Belo akisema sabuni, asiwe anamaanisha sabuni ya mche ya kufulia. Ile ni alkali. Ngozi iliyokamilika ina asidi kidogo, na alkali inaikausha na kuilegeza. Tumia shampuu kidogo au sabuni ya maji ya vyombo iliyozimuliwa sana, kitambaa kiwe na unyevu tu, kisichuruzike. Kausha kivulini kwenye hanga nene.

Mbili, koti la juu si sababu pekee ya mng'ao. Kiwandani ngozi hupitishwa chini ya bamba la chuma la moto linaloibana. Vinyweleo vinajifunga, uso unalala, unang'aa hata kabla ya kupuliziwa chochote. Mng'ao wa aina hiyo hauondoki kwa asetoni wala kwa sabuni. Unaondoka kwa unyevu na mkunjo: unalowesha kidogo, unakunjakunja kwa mikono, uso unafunguka tena.

Tatu, na hili ndilo muhimu kwa mleta mada. Amesema ndani ni kijivu. Ngozi nyingi za majaketi siku hizi zinatengenezwa kwa chumvi za kromiamu, na ikitoka kwenye pipa inakuwa na rangi ya samawati iliyofifia. Kama weusi haukupenya mpaka katikati, ukipiga msasa sana viwikoni hutapata ile kahawia ya kupendeza. Utapata kijivu cha samawati, na macho yote yataona ni msasa. Angalia ukingo uliokatwa ndani ya mfuko: weusi umeingia kiasi gani? Ukiwa umeganda juu tu, usiende na msasa mpaka chini. Punguza mng'ao, halafu simama hapo.

#14 Mwana_Uyole
Kiongozi hili sikulijua kabisa. Weusi umeingia kidogo, katikati ni kijivu.

#15 Retro_Tz
Sasa mbona majaketi ya zamani ya pikipiki yanachakaa yakawa kahawia? Nimeona picha za yale ya marubani wa Vita ya Pili, yametoka kahawia viwikoni inavutia sana.

#16 Ngozi_Mwanza
Yale ya marubani yalikuwa kahawia tangu mwanzo, mkuu. A-2 ya jeshi la anga la Marekani iliidhinishwa mwaka 1931, kabla ya vita, na nyingi zilishonwa kwa ngozi ya farasi. Unaloliona viwikoni ni kahawia nyeusi iliyofifia. Ya pikipiki ni habari nyingine. Perfecto ya Schott ilianza New York mwaka 1928, ikiuzwa dola 5.50, na ile ya mwanzo nayo ilikuwa farasi. Baadhi za enzi hizo zilikuwa ngozi iliyolainishwa kwa tanini ya magome ya miti, ambayo ndani inabaki kahawia, halafu nyeusi inapakwa juu tu. Ukiivaa, nyeusi inaondoka kwenye kingo na kahawia inachungulia. Kuna washonaji wa Japani ambao leo wanatengeneza ngozi hivyo kwa makusudi ili mteja apate kuchakaa huko.

#17 Mti_wa_Kibena
Na tanini yenyewe mnaikanyaga. Huku Njombe miwati imepandwa mashamba na mashamba, magome yanachemshwa kiwandani kutoa tanini ya kusindika ngozi. Watu wanaijua miwati kwa mkaa na kuni tu.

#18 KinoBoy
Uzi umeanza na jaketi umefika kwenye msitu.

#19 Mti_wa_Kibena
Jaketi limetoka msituni na zizini mkuu, lazima turudi huko.

#20 Sapeur_Lshi
Jambo yenu bote. Mimi niko Lubumbashi. Nimesoma kutoka juu na sielewi. Kwetu Kongo mutu ananunua jaketi ya ngozi ili ing'ae! Angalia basapeurs ba Kinshasa na Brazzaville, bale batu ba kuvaa maridadi, kiatu ya Weston inapigwa brashi asubuhi mpaka unaona uso yako ndani. Wewe umepata mng'ao ya bure, unatafuta kuitoa. Niuzie.

#21 Mwana_Uyole
Haiuzwi kaka. Heshima kwa sapeurs, ila kila mtu na urembo wake. Mimi nataka jaketi linaloonekana lina kazi.

#22 Sapeur_Lshi
Sawa ndugu. Lakini ngozi yenye kungaa pia iko na kazi. Kazi yake ni heshima.

#23 Chuga_Rider
Tuongelee usalama, maana kuna vijana watasoma hapa na kuchukua msasa. Jaketi la pikipiki lina kazi moja, kukukinga na lami. Yale ya kuendeshea kweli yana ngozi ya takriban milimita 1.1 hadi 1.4. Kila unapopiga msasa unapunguza unene, na sehemu mnazopenda kupausha, viwiko na mabega, ndizo zinazogusa lami kwanza. Mshono nao: msasa ukipita juu ya uzi, uzi unakatika taratibu bila wewe kuona. Kama ni jaketi la kuendea kijiweni, sugua. Kama unapanda nalo bodaboda kila siku, acha viwiko vijichakae vyenyewe.

#24 Mama_Kihesa
Hili liwekwe juu kabisa ya uzi.

#25 Bwana_Msasa
Mimi ndiye mtu wa msasa mnayemsema. Nimefubaza yangu na ya shemeji yangu, na yote yanavaliwa. Siri ni namba. Ukiingia na 120 ya mbao umeharibu. Anza na 600, malizia na 1000, kavu, mkono mwepesi, unazunguka. Hutafuti kuondoa rangi, unaweka mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho ili mwanga usirudi sehemu moja. Ukifuta vumbi na kitambaa chenye unyevu unaona mng'ao umelala. Mwenye uwezo wa kupata stilwuli (pamba ya chuma) laini kabisa, namba 0000, ni bora zaidi kwenye mikunjo. Si stiliwaya ya masufuria, ile inachana.

Vaa jaketi wakati mtu mwingine anakuwekea alama za chaki. Kunja mikono, kaa, shika usukani wa hewani. Panapokunjika ndipo pa kusugua. Watu wanasugua jaketi likiwa limelala mezani, wanapata duara katikati ya mgongo, mahali ambapo hakuna jaketi duniani limewahi kuchakaa.

#26 Ngozi_Mwanza
Bandiko #25 limekaa vizuri. Vaeni barakoa, vumbi la ngozi ya kromiamu si la kuvuta.

#27 Dodoma_Kavu
Mbona mnateseka? Lianike juani. Jua la huku Dodoma wiki mbili tu linapauka lenyewe.

#28 Fundi_Kariokor
Hapana bana. Jua linafifisha rangi, ni kweli, lakini koti la juu linabaki pale pale. Utapata jaketi lililopauka na bado linang'aa. Na mafuta ya ndani yanakauka, siku ukikunja mkono kiwiko kinapasuka.

#29 Dodoma_Kavu
Mjomba wangu ana jaketi limekaa juu ya kiti cha trekta miaka na halijapasuka. Limefubaa vizuri kabisa, anasifiwa mnadani kila Jumamosi.

#30 Fundi_Kariokor
Mjomba analivaa. Jasho na mafuta ya mwili wake vinalilisha, na vumbi la shambani linalisugua. Hilo si jua peke yake.

#31 Dodoma_Kavu
Halivai, analikalia.

#32 Retro_Tz
Basi tumepata njia mpya, mkuu Uyole tafuta trekta.

#33 Supu_Kwanza
Baada ya kusugua ni lazima upake mafuta, na nasikia mafuta mazuri ya ngozi yanatoka kwenye miguu ya ng'ombe. Si kongoro hiyo? Nichemshe, niengue mafuta ya juu, nipake?

#34 Ngozi_Mwanza
Kweli yapo mafuta ya miguu ya ng'ombe, yanatumika kwenye ngozi tangu zamani. Lakini yanasafishwa, yanabaki kimiminika hata kwenye ubaridi. Ya kwenye sufuria ya supu yana chumvi, kitunguu na mafuta mazito yanayoganda. Yatachacha ndani ya jaketi.

#35 Mama_Kihesa
Na panya watakula kola usiku mmoja. Supu kunywa, kaka.

#36 Supu_Kwanza
Nimeelewa. Na ya nazi?

#37 Tanga_Raha
Ya nazi huku Pwani tunapaka kwenye viatu, yanaingia vizuri kwa sababu kwenye joto ni maji. Huko Mbeya kwenye nyuzi joto chini ya 24 yanaganda juu ya ngozi, lazima uyapashe mkononi. Yanaongeza weusi kidogo, ambao kwa mtu anayetaka mpauko si mzuri.

#38 Bwana_Msasa
Chukua nta ya nyuki na mafuta kidogo, yeyusha pamoja, paka nyembamba, acha usiku kucha, asubuhi futa bila kupiga brashi. Ukipiga brashi umerudisha mng'ao ulioutoa. Kiwi ya kopo iwe mwiko kwenye hilo jaketi kuanzia leo.

#39 Mzee_wa_Belo
Narudia, hakuna aliyeniambia kama ameliosha. Tumefika bandiko la arobaini kasoro moja na jaketi halijaguswa na maji.

#40 Mwana_Uyole
Mrejesho wakuu. Nimefanya upande wa ndani wa mkono wa kushoto pekee, hatua kwa hatua.

Nimeanza na ushauri wa Mzee: shampuu na maji, kitambaa chenye unyevu. Maji yametoka ya kijivu, mng'ao umepungua kiasi cha kuonekana, hasa pembeni ya zipu. Halafu tone la maji: limekaa juu, limeviringika. Kwa hiyo koti lipo. Asetoni: pamba haijanata, mng'ao haukubadilika. Halafu msasa 600 na 1000 kwa mkono mwepesi. Hapo ndipo palipobadilika. Sehemu iliyosuguliwa sasa ina weusi mkavu, tulivu, na mikunjo iliyokuwa imejificha imetokea. Niliposhika kwenye dirisha nikaona mistari midogo ya vinyweleo ambayo awali ilizibwa na mng'ao. Hakuna kijivu kilichotokea. Naenda na mikono yote, kola na mifuko. Viwiko naviacha kwa sababu ya Chuga Rider, maana pikipiki napanda.

#41 Fundi_Kariokor
Poliyurethani, kama nilivyosema.

#42 Mzee_wa_Belo
Maji ya kijivu hayo ni kiwi na mafuta ya muuzaji, kama nilivyosema mimi. Angeosha mara ya pili na ya tatu asingehitaji msasa.

#43 Ngozi_Mwanza
Mng'ao ulipungua kwa maji kwa sababu uso uliobanwa na bamba umefunguka kidogo. Kijivu cha maji kinaweza kuwa vumbi la belo tu. Asugue mkono wa kulia bila kuosha, tulinganishe.

#44 Mzee_wa_Belo
Asioshe? Kijana, utasugua uchafu uingie ndani ya ngozi. Mkono wa kulia aoshe tu, asisugue. Hapo ndipo mtaona.

#45 Sapeur_Lshi
Mkono ya kulia muache ing'ae. Ni ya kusalimia.

#46 Bwana_Msasa
Mwana Uyole usiwasikilize wote watatu, utakuwa na jaketi la mikono miwili tofauti mpaka Julai. Maliza kulia vile vile ulivyofanya kushoto, taa ikiwa upande ule ule, la sivyo mkono mmoja utakuwa mweusi zaidi. Kola ifanye mwisho, kwa kidole kilichozungushiwa msasa wa 1000, usiguse uzi.

#47 Binti_Makambako
Samahani kuingilia. Nina pochi ya ngozi nyekundu inang'aa hivyo hivyo. Hizi hatua zinafaa au rangi nyekundu itaondoka?

#48 Fundi_Kariokor
Dada, tone la maji kwanza, halafu pamba na asetoni chini kabisa kwenye kitako cha pochi. Pamba ikitoka nyekundu, simama hapo hapo uje utuambie.